Nyota, Baraza na Kizingiti: Uchambuzi wa Grafu Zilizogawika

Chanzo cha utatanishi

Neno grafu limeingia katika lugha yetu kwa milango miwili, na wengi wamepita katika mmoja tu. Mlango wa kwanza ni wa skuli za msingi, ambamo grafu ni mchoro wa nguzo au mistari unaoonyesha, mathalan, kadiri ya mvua iliyonyesha mwezi baada ya mwezi. Wa pili ni wa hisabati ya juu, ambamo grafu haina vipimo vya pembeni wala vya chini. Ni mkusanyo wa nukta, pamoja na viungo vinavyoziunga baadhi ya nukta hizo, wala haidhuru nukta imechorwa upande gani wa karatasi ilimradi viungo vyake havikubadilika. Utatanishi wa milango hii miwili ni mwepesi, na mwalimu mwenye subira huuondoa kabla kengele haijalia.

Mzito ni ule unaofuata. Mwanafunzi huambiwa kwamba zipo grafu za pande mbili, na zipo grafu zilizogawika, na zipo grafu za kizingiti. Naye huuliza, na ana haki ya kuuliza, ikiwa kugawika si huko huko kuwa na pande mbili. Akitaka mfano, aghlabu hupewa nyota, yaani nukta moja ya katikati ambayo nyingine zote zimeunganishwa nayo, na zenyewe kwa zenyewe hazikuunganishwa. Hapo ndipo mambo yanapozidi kuharibika, kwa sababu nyota ni ya pande mbili, tena imegawika, tena ni ya kizingiti, yote kwa pamoja. Ni shahidi anayemkubalia kila mdai, na kadhi hapati faida kwa shahidi wa namna hiyo.

Nyota yenyewe watu wa Unguja wanaijua bila ya kufundishwa. Ukiuhesabu mji wote kuwa nukta moja, na kila kijiji nukta yake, na ukaweka kiungo kila palipo na daladala inayokwenda moja kwa moja, utaiona gari ya 116 ya Nungwi, na 118 ya Matemwe, na 206 ya Chwaka, na 309 ya Jambiani, na 326 ya Kizimkazi, kila moja ikitoka mjini na kurejea mjini. Na mtu wa Matemwe mwenye harusi Jambiani, ijapokuwa vijiji vyote viwili viko katika pwani ile ile ya mashariki, kwa kawaida huingia mjini kwanza na kuteremka, kisha akapanda gari ya pili. Kwa kuwa mfano huu umo machoni mwetu kila siku, ndio unaotangulia ulimini, na kwa kuwa hautenganishi kitu na kitu, ndio unaotupoteza.

Taarifu na asili yake

Grafu iliyogawika ni grafu ambayo nukta zake zaweza kutengwa makundi mawili, moja kamili na moja huru. Kundi kamili ni lile ambalo kila nukta mbili zake zina kiungo. Kundi huru ni lile ambalo hakuna nukta mbili zake zenye kiungo. Baina ya makundi hayo mawili hapana sharti lolote: viungo vyaweza kuwa vingi, au vichache, au visiwepo kabisa. Uhuru huo wa katikati uwekwe akilini, maana ndio utakaoleta faida na ndio utakaoleta taabu.

Waliolipa jambo hili jina na kulitungia nadharia ni Stéphane Földes na Peter Hammer, katika mwaka 1977. Na huko Minsk, Regina Tyshkevich pamoja na mwenzake Chernyak wakalifikia kwa njia yao wenyewe, wakalitangaza mwaka 1979. Földes na Hammer walithibitisha kwamba grafu imegawika ikiwa, na ikiwa tu, haina ndani yake sura tatu zilizokatazwa: viungo viwili vilivyotengana, yaani nukta nne ambazo mbili zimeungana na mbili zimeungana na baina ya jozi hizo hapana kitu, duara la nukta nne lisilo na kiungo cha kukata katikati, na duara la nukta tano la namna hiyo hiyo. Ithibati hii ina uzuri wa pekee, kwani inamruhusu mtu kukanusha dai zima la kugawika kwa kuonyesha nukta nne au tano tu, bila ya kuitazama grafu iliyobaki.

Rai ya kwanza: pande mbili zinatosha

Wapo wanaosema kwamba hakuna haja ya jina jipya, na kwamba kila palipo na makundi mawili, grafu ya pande mbili inatosha. Rai hii ina mvuto mjini kwetu kwa sababu ya historia. Jina la Darajani ni ukumbusho wa daraja lililovuka hori iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori imefukiwa, daraja halipo, lakini mazoea ya kuugawa mji pande mbili yamebaki katika maneno ya watu.

Basi na tuitazame taarifu inasemaje. Katika grafu ya pande mbili, kila kiungo ni sharti kivuke daraja: hakuna kiungo baina ya wawili wa upande mmoja. Ikiwa kiungo ni kujuana, itakuwa mtu wa Malindi hamjui jirani yake wa Malindi, na wa Kikwajuni hamjui mtu wa Kikwajuni, na kujuana kote ni kwa waliotengwa na maji. Hakuna mji wa namna hiyo duniani. Grafu hii ina mahali pake, nako ni pale ambapo makundi mawili ni ya jinsi mbili zisizochanganyika, kama madereva na gari, au wanafunzi na mitihani. Na huko imestawi, kwani tangu nadharia ya Dénes Kőnig ya mwaka 1931 inajulikana vyema jinsi ya kuoanisha wa huku na wa kule kwa wingi uwezekanao. Lakini haiwezi kuuelezea mkusanyiko wa watu, kwa kuwa inazikataza hata pembetatu, na watu watatu wanaojuana wote ndio mwanzo wa jamaa yoyote.

Rai ya pili: baraza

Mahali panapoonyesha vizuri zaidi maana ya kugawika ni barazani. Hapa Mji Mkongwe, pembe ya vichochoro inayoitwa Jaws Corner ni mashuhuri kwa hilo: muuza kahawa na madele yake, vikombe vidogo, kashata, dhumna zinazogongwa juu ya meza, na siasa isiyokwisha. Kila baraza ya aina hiyo ina wenyeji wake, ambao kila mmoja anamjua kila mmoja. Na ina wageni, ambao huyu amekuja kwa ajili ya fulani na yule amekuja kwa ajili ya fulani mwingine, lakini wao kwa wao ndiyo kwanza wanaonana. Wenyeji ni kundi kamili. Wageni ni kundi huru. Na nani mgeni wa nani ni jambo lisilofuata kanuni yoyote.

Tuchukue watu saba. Wenyeji ni Makame, Haji, Khamis na Mwinyi. Wageni ni watatu: Faki anawajua Makame na Haji, Juma anamjua Makame tu, Shaame anamjua Khamis tu. Ukihesabu kila mmoja anajuana na wangapi, Makame ana 5, Haji 4, Khamis 4, Mwinyi 3, Faki 2, Juma 1, Shaame 1.

Sasa yaja ajabu ambayo, kwa rai ya mwandishi huyu, ndiyo johari ya mlango mzima. Mwaka 1981 Hammer na Bruno Simeone walionyesha kwamba kuijua grafu kuwa imegawika hakuhitaji kuitazama grafu yenyewe. Idadi hizo peke yake zinatosha. Zipange kutoka kubwa mpaka ndogo: 5, 4, 4, 3, 2, 1, 1. Tafuta nafasi ya mwisho ambayo idadi yake haipungui nafasi hiyo ukiitoa moja. Wa nne ana 3, na nne ukitoa moja ni 3, basi amepita. Wa tano ana 2, na tano ukitoa moja ni 4, basi amekwama. Kundi la juu, basi, ni watu 4. Jumla ya idadi zao ni 16. Kwa upande wa pili chukua 4 mara 3, ambayo ni 12, uongeze jumla ya waliobaki, yaani 2 na 1 na 1, ambayo ni 4. Jawabu ni 16. Pande mbili zimelingana, na kwa hiyo grafu imegawika.

Sababu yake si siri. Wenyeji wanne wakijuana wote, kujuana kwao wao kwa wao kunahesabiwa mara 12. Na wageni wakiwa hawajuani, kila kiungo chao sharti kiishie kwa mwenyeji, kwa hiyo idadi zao zote zinaingia katika hesabu ya wenyeji bila ya kupungua wala kuzidi. Lau mgeni mmoja angemjua mgeni mwenziwe, au wenyeji wawili wangekuwa hawajuani, mizani ingeweza kuinama, na kadiri ilivyoinama ingetuambia ni viungo vingapi vya kuondoa au kuongeza ili grafu irudi kuwa iliyogawika. Mtu mmoja akisimama pembeni ya baraza na karatasi, akamwuliza kila aliyepo ‘wangapi hapa unawajua?’ bila ya kuuliza majina, ataondoka na jawabu kamili. Si kila aina ya grafu inayompa mtu fadhila hiyo. Grafu ya pande mbili haiitoi.

Fadhila ya pili ni kwamba grafu hii haiharibiki ikipinduliwa. Weka kiungo pasipokuwapo na uondoe palipokuwapo: waliokuwa wakijuana wanakuwa hawajuani, kundi kamili linakuwa huru na huru linakuwa kamili, na grafu inabaki kuwa iliyogawika. Ndiyo maana orodha ya sura tatu zilizokatazwa nayo inajirudia yenyewe: viungo viwili vilivyotengana ni duara la nukta nne lililopinduliwa, na duara la nukta tano likipinduliwa ni lile lile.

Rai ya tatu: kizingiti

Wapo wengine wanaoona kwamba baraza ina uhuru kupita kiasi, na kwamba mambo ya dunia yana daraja: mkubwa anawajua wote, wa chini yake anawajua wachache zaidi, na wa chini kabisa anamjua mkubwa peke yake. Hao huchagua grafu ya kizingiti, iliyoasisiwa na Václav Chvátal pamoja na huyo huyo Hammer, nayo ilitangazwa pia mwaka 1977. Kila nukta hupewa uzito wake, na nukta mbili zinaungana pale tu uzito wao kwa jumla unapofika kizingiti kilichowekwa. Kila grafu ya kizingiti imegawika, lakini si kila iliyogawika ni ya kizingiti: sharti la ziada ni kwamba ukiwachukua wageni wowote wawili, wenyeji wanaojulikana na mmoja wawe wote wamo katika wanaojulikana na mwingine. Baraza yetu inashindwa hapo, kwa sababu Faki na Shaame kila mmoja ana mwenyeji asiye wa mwenziwe. Lau Shaame angekuwa mgeni wa Makame badala ya Khamis, sharti lingetimia.

Mfano wa kizingiti katika historia yetu ni biashara ya pembe na sandarusi katika zama za Sayyid Said. Katika mkataba wake na Uingereza wa mwaka 1839, biashara ya vitu hivyo viwili katika pwani ya Mrima haikuachiwa wageni. Ilibaki kwa Sultani na raia zake, mali ikaja Unguja, na forodha ya Unguja ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji. Tuipe Unguja uzito wa 5, Maskati na Bombay 3 kila mmoja, na Bagamoyo, Pangani na Saadani 1 kila moja, na kizingiti kiwe 6. Unguja inafanya biashara na wote. Maskati na Bombay zinafikia 6 baina yao. Lakini Bagamoyo na Bombay ni 4, na Bagamoyo na Pangani ni 2, hazifiki. Yaani kundi huru la bandari za Mrima halikuwa huru kwa tabia yake. Lilifanywa huru kwa mkataba na forodha.

Udhaifu wa rai hii umo ndani ya nguvu yake. Ni nyepesi mno kuhesabika, kwa kuwa grafu ya kizingiti hujengwa kwa kuongeza nukta moja moja, ama isiyojuana na yeyote ama inayojuana na wote waliotangulia. Lakini bandari moja tu ikiamua kushughulika na Bombay na kuiacha Unguja, jengo lote linavunjika. Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui mpaka 1837, na haikungoja idhini ya Unguja kupokea vyombo. Anayeichora bahari ile kwa kizingiti anaichora kama Sultani alivyoitaka iwe.

Jamaa kubwa zaidi

Juu ya aina hizi ipo jamaa pana, ambayo hapa tutaiita ya njia ya mkato: kila duara lake la nukta nne au zaidi lina kiungo kinachokatisha ndani, kama kichochoro kinachomwepusha mtu kuzunguka. Grafu imegawika pale tu inapokuwa ya njia ya mkato yenyewe, na iliyopinduliwa yake pia. Majahazi bandarini Malindi yatupa mfano wa tawi moja la jamaa hiyo: yalikuwa yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, na tukiweka kiungo baina ya vyombo viwili vilivyokuwapo bandarini siku moja, hatutapata kamwe duara la vyombo vinne lisilo na mkato, kwa sababu muda unakwenda mbele tu. Grafu hizo za muda, ambazo György Hajós aliziuliza mwaka 1957, aghlabu hazikugawika.

Hata hivyo Bender, Richmond na Wormald walithibitisha mwaka 1985 kwamba, nukta zinapokuwa nyingi mno, karibu grafu zote za njia ya mkato ni zilizogawika. Kwa hiyo anayedharau grafu zilizogawika kuwa ni kona ndogo ya jamaa kubwa, amekosea kipimo.

Na hapa nyota ya daladala inarudi, safari hii kwa faida. McMorris na Shier walionyesha mwaka 1983 kwamba grafu zilizogawika ndizo hasa zinazopatikana kwa kukutanisha vipande mbali mbali vya nyota. Fikiria kila chombo kina eneo lake katika nyota ya Unguja: daladala ya Nungwi ina Nungwi na mjini, gari ya mizigo ina Chwaka, mjini na Makunduchi, na bodaboda ya Kizimkazi ina Kizimkazi peke yake. Weka kiungo baina ya vyombo viwili ambavyo maeneo yao yanakutana. Vyote vinavyoingia mjini vinakutana mjini, basi ni kundi kamili. Vya kijiji kimoja kimoja, ikiwa kila kimoja kina kijiji chake, havikutani, basi ni kundi huru. Nyota iliyotupoteza ilipotazamwa yenyewe, inatuongoza tunapotazama kinachopita juu yake.

Bei ya uhuru

Yabaki kuuliza kila aina inagharimu nini anayetaka kuitumia. Katika grafu iliyogawika, kulipata kundi kamili kubwa kuliko yote ni kazi nyepesi, na kadhalika kugawa zamu bila ya wawili wanaojuana kuwa zamu moja: zamu zinazohitajika ni sawa na ukubwa wa kundi hilo, nazo katika baraza yetu ni 4.

Lakini uliza jambo jengine: ni watu wangapi, kwa uchache, wapewe habari ili kila aliyebaki awe anajuana na mmoja wao? Katika kizingiti jawabu ni mtu mmoja, ikiwa hapana aliyetengwa kabisa: yule mkubwa. Katika baraza ya watu saba, Makame na Khamis wanatosha. Katika baraza ya watu elfu, Alan Bertossi alionyesha mwaka 1984 kwamba tatizo hili ni katika yale ambayo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua kwa kila hali, na ambayo moja likipata njia hiyo, yote yamepata. Sababu ni ule uhuru wa katikati. Viungo baina ya wenyeji na wageni vikiwa havina kanuni, mtu anaweza kuficha humo fumbo lolote la kuchagua wachache watakaowafikia wengi. Kundi kamili na kundi huru, kwa unyoofu wao wote, hayawezi kulifumbua. Ndivyo ilivyo pia kwa kutafuta mzunguko unaopitia kila nukta mara moja.

Mizani

Tukiziweka rai hizi mizanini, ya pande mbili ni ya kuachwa kila kiungo kinapokuwa baina ya watu, na ni ya kushikwa kinapokuwa baina ya mtu na kitu. Ya kizingiti ni rahisi kuliko zote, lakini inamtaka mwenye kuitumia athibitishe kwanza kwamba daraja ipo kweli na haina aliyeikiuka. Grafu iliyogawika imekaa baina yao: ni kweli zaidi kuliko ya pande mbili, ina nafasi zaidi kuliko ya kizingiti, na inalipia nafasi hiyo kwa matatizo mawili matatu magumu. Kwa mabaraza, na kwa magari yanayopitia mjini, ndiyo inayofaa. Na mwalimu angefanya vyema kuanza na vikombe saba vya kahawa, akaiacha nyota mpaka mwisho.

Ipo tahadhari moja. Tangu Borgatti na Everett waliposawiri, mwaka 1999, mitandao yenye kiini na pembezoni, limekuwa jambo la kawaida kuwatenga watu katika sehemu hizo mbili kana kwamba grafu yenyewe imetoa hukumu. Mrejee Mwinyi. Anawajua wenyeji watatu na hamjui mgeni hata mmoja. Mtoe katika wenyeji umtie katika wageni: wanaobaki juu ni Makame, Haji na Khamis, nao wanajuana wote, walioko chini ni Mwinyi, Faki, Juma na Shaame, na hakuna anayemjua mwenziwe. Hakuna kiungo kilichoongezwa wala kilichokatwa, na idadi zimebaki zile zile, 5, 4, 4, 3, 2, 1, 1.